Jumanne Wanafunga

Siku tatu baada ya kisomo cha arobaini ya rafiki yangu Mwanahamisi, binti yake Rehema alikuja nyumbani kwangu Saint Paul na mfuko wa plastiki mkononi. Nilidhani ananirudishia vyombo, maana sufuria zangu mbili kubwa zilikuwa bado kwao tangu msiba. Akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye meza ya jikoni, akatoa mfukoni vitu viwili: pasipoti ya zamani ya mama yake, ya Tanzania, iliyokatwa pembe, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ile karatasi niliitambua kabla hajaikunjua, kwa sababu mwandiko uliokuwa ukionekana kwa nyuma ni wangu. "Anti," akasema, "nataka kwenda Japan. Nataka kuona jina la Babu. Wewe na Mom mlienda, so utanisaidia ku-plan." Rehema ana miaka kumi na tisa. Kiswahili anakielewa chote, ila akikisema hukichanganya hivyo, nami nimeshazoea. Nikainuka kuteleka chai. Sikuwa na kiu. Nilitaka tu kumpa mgongo kidogo.

Ukweli ni kwamba hatukwenda. Hilo nalisema mapema, kwa sababu nimelificha miaka ishirini na ushei, na sina tena nguvu za kulificha hata ukurasa mmoja. Lakini safari ile tuliipanga kwa bidii ambayo sijaitia katika jambo jingine lolote maishani, ndoa yangu ikiwemo, na mwaka tulioipanga ndio mwaka ulionifundisha mimi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya kumi na moja katika moja ya yale majengo marefu ya Cedar-Riverside, Mwanahamisi na mimi, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko ambamo wawili wakitaka kupishana lazima mmoja ashike tumbo. Meza tuliiokota mwisho wa Agosti, wanafunzi wanapohama na kuacha nusu ya mali zao kando ya barabara. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, tukauwekea kitabu cha simu. Bomba la joto liligonga ukutani majira yote ya baridi, na koridoni kulinukia udi wa majirani zetu Wasomali na vitunguu vya kila mtu. Asubuhi tulipanda basi pamoja kwenda Saint Paul, kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwavisha. Mchana Mwanahamisi alikwenda chuoni kusomea mambo ya maabara, nami nilirudi kulala. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Angemsimamisha hata polisi kumuuliza saa. Mimi nilikuwa mtu wa kuogopa, na mwaka ule mimi ndiye niliyemziba mdomo.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya kukwangua kadi ya simu na kupiga Tanga. Mwanahamisi aliweka sauti nje ili aendelee kumimina mikate yake ya chila kikaangoni huku akizungumza, kwa hiyo Mzee Athumani, baba yake, nilimjua kwa sauti kabla sijawahi kumwona hata kwenye picha. Alikuwa dereva wa ofisi ya uvuvi, amestaafu. Mwaka mmoja, kabla hajastaafu, wavuvi walitoa kwenye nyavu za kina kirefu samaki mkubwa wa buluu mwenye madoa meupe na mapezi manene kama miguu. Ndiye silikanti, samaki ambaye wataalamu zamani walidhani ametoweka duniani. Mzee Athumani ndiye aliyempakia kwenye pikapu, akamfunga magunia yaliyoloweshwa, akamfunika barafu, akamfikisha ofisini nyama yake haijaharibika. Wakaja Wajapani kumtazama. Mmoja wao alimshika mzee mkono, akaandika jina lake kwenye kijitabu, akamwambia kupitia mkalimani kwamba samaki akifika kwao atawekwa kwenye jumba lao la samaki kando ya bahari, na kwenye kibao chake yataandikwa majina ya waliomhudumia. Mzee akalishika neno lile. Alilisema msikitini, alilisema harusini, alilisema kwa kinyozi. Mtaani wakamwita Mzee Silikanti, na vijana wakimwona barazani walimuuliza, "Mzee, mwenzio hajambo huko Japani?" Hata ndugu zake walicheka. Mwaka ninaousimulia kisukari kilikuwa kimeshamkata mguu na sasa kilikuwa machoni.

"Baba yangu ameendesha gari la serikali miaka thelathini hajawahi kulikwaruza," Mwanahamisi aliniambia, amekata simu, mkate unaungua. "Mtu aliyekaa na heshima yake umri wote anakwenda kufa akiitwa mwongo, Suzi. Mwongo wa samaki." Akaugeuza ule mkate, ukawa mweusi, akaula hivyohivyo. Alichotaka kilikuwa kidogo na nilikielewa mara moja: asimame mbele ya kile kibao, asome jina la baba yake, ampigie simu palepale, ili mzee awaite watu barazani na kuwaambia mwanangu ameliona kwa macho yake. Na alitaka hilo lifanyike wakati mzee bado yupo wa kuwaita hao watu. Nikasema tutakwenda wote wawili. Nilisema haraka, kama mtu anavyokaribisha wageni chakula ambacho hajakipika.

Viza ya Japani ilitaka ratiba. Fomu ilikuwa na mistari, kila siku mstari wake: utakuwa wapi, utafanya nini, utalala wapi. Mwandiko wangu ndio uliokuwa ukisomeka, kwa hiyo niliandika mimi na yeye akasema. "Siku ya kwanza, samaki," akasema. "Siku ya pili, samaki." Nikamwambia watadhani tunakwenda kuwaibia. Akacheka mpaka akashika meza, na kitabu cha simu kikatoka chini ya mguu. Basi tukaweka siku ya kwanza kupumzika, ya pili kutembea mjini, ya tatu treni kubwa, kisha treni ndogo, kisha basi mpaka bandarini. Kule chuoni alichapa ramani ya ndani ya lile jumba, tukaisoma mpaka tukaijua kuliko jengo tulilokuwa tukiishi. Unaingia, kushoto kuna kaa wenye miguu mirefu kuliko mtu, unapanda ngazi, unafika kwenye chumba cha baridi, na hapo ndani ya kioo yupo silikanti. Mbele yake kuna benchi. Mwanahamisi aliligundua lile benchi na akafurahi kana kwamba limewekwa kwa ajili yake. Pia aligundua kwamba Jumanne wanafunga, akaliandika hilo pembeni ya ratiba kwa kalamu nyekundu na kulipigia mstari mara mbili, kwa kuwa ratiba yangu ilikuwa imetupeleka hasa siku ya Jumanne. "Ungetupeleka tukatazame kufuli," akanitania. Tukasogeza mbele siku moja.

Ramani tuliibandika ukutani jikoni, na juu yake tukatundika kalenda ya duka la nyama. Mgeni akiingia aliona kalenda, akitoka tunaifunua. Hilo lilikuwa sharti langu. Kwetu safari haitangazwi. Watu hujua ulisafiri siku unapowapelekea zawadi, na wakikuuliza mbona hukusema, unajibu ilikuwa ghafla. Jicho la watu, midomo ya watu, mambo yakiharibika upate aibu; sababu ni nyingi na nilikuwa nazo zote. Mwanahamisi alitaka kuuliza kila mtu: nani amewahi kwenda, baridi yao ikoje, chakula chao tutakiweza. Hasa alitaka kumuuliza Mama Ciru, Mkenya aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, mama wa makamo aliyekuwa akiwajazia watu fomu za uhamiaji kwenye meza yake ya kulia chakula, bila malipo, kwa sababu alipenda kujua habari za watu. "Huyo ndiye usimguse kabisa," nilimwambia. "Ukimwambia Mama Ciru leo, kesho inatangazwa kanisani." Akanitazama, akasema sawa. Tukaenda Chicago kwa basi kupeleka maombi, na kazini tulisema tuna harusi. Viza zikatoka. Tulizibusu zile kurasa, wajinga sisi, tukarudisha kalenda ukutani.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu wakati Mama Ciru alipotualika Jumapili, mjukuu wake amebatizwa. Namkumbuka amesimama jikoni kwake na mwiko, pilau kwenye sufuria iliyofunika mafiga yote ya jiko, akina mama wanne wamebanana pale kila mmoja na sahani yake. Walikuwa wakizungumza juu ya dada mmoja wa Brooklyn Park. "Mamake alikufa," Mama Ciru akasema, "akapanda ndege akaenda kuzika. Kurudi, pale airport wanamwambia case yake wame-close. Ati uki-travel kabla green card itoke, ni kama umeitupa mwenyewe." Mmoja akasema lakini si alikuwa amesha-apply na kila kitu. "Ku-apply si kitu! Kuna barua ya ruhusa unaomba kwanza, ndio utoke. Na hiyo barua inachukua three months, saa zingine four. Angeniuliza, ningemwambia. Lakini watu wetu na siri!" Wakacheka. Mimi nilikuwa na grini kadi yangu tangu mwaka uliotangulia. Mwanahamisi alikuwa ameshinda bahati nasibu ya viza akiwa tayari mwanafunzi hapahapa, makaratasi yake yalikuwa bado njiani. Nilimtazama. Alikuwa ameshika kijiko cha kachumbari, hakupakua wala hakukirudisha. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama barua hiyo haiwezi kuharakishwa, na Mama Ciru akajibu labda kwa msiba, tena uwe na cheti. Mwanahamisi akasema pilau limekolea sana, akaomba kuongezwa.

Ningeweza kusema kwamba kosa lilikuwa la sheria, au la wiki tatu. Lakini miezi minne kabla, siku tuliyookota wazo lile, Mwanahamisi alitaka kugonga mlango wa tatu na mimi nikamzuia. Hilo ni kosa la kwanza, nami ninalibeba, ingawa lile ningeweza kulisamehe, maana sikujua. La pili nililijua. Jumatano iliyofuata aliniketisha kwenye ile meza, akanisogezea kamera yake. "Nenda wewe," akasema. "Ratiba unayo, mwandiko wako mwenyewe. Ukifika unasoma kibao, unapiga picha, unampigia Baba. Utamwambia mimi nipo, nimeinamia kaa." Nikamwambia nitakwenda kufanya nini peke yangu. "Kusoma, Suzi. Mstari mmoja tu." Nikasema, "Na kama halipo? Nirudi nikwambie nini?" Bomba likagonga ukutani. Mpaka leo nasikia aibu nikilikumbuka swali lile, kwa sababu nilijifanya ninamhurumia yeye na baba yake, na huruma haikuwamo. Niliogopa treni mbili na basi katika nchi ambayo nisingeweza kusoma hata kibao cha choo. Niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayekuja na habari mbaya. Akaivuta kamera taratibu, akasema, "Basi, mwenzangu. Usijali." Alikuwa na haki ya kunitukana na hakunitukana.

Tarehe ya safari ikafika, tukaenda kazini. Jumamosi ya wiki ile nilitoka kuoga nikamsikia jikoni, simu imewekwa sauti nje, na sauti ya Mzee Athumani imekuwa nyembamba kuliko zamani. "Ndiyo, Baba, nimekwenda," Mwanahamisi alikuwa akisema. Alikuwa ameisogeza kalenda pembeni na kidole chake kilikuwa kwenye ramani. "Unaingia, mkono wa kushoto kuna kaa. Kaa, Baba, mguu mmoja kama fimbo yako. Halafu unapanda ngazi. Chumba cha baridi, mpaka nilitia mikono kwapani. Siku ya kwanza tulikuta wamefunga, ilikuwa Jumanne. Tukalazimika kurudi kesho yake." Mzee akacheka, "Ehe! Wajapani hao, hawana mchezo." Akauliza samaki yukoje. Hajambo, akaambiwa, macho yake bado ya kijani. Mimi nimesimama mlangoni, maji yananidondoka. "Na jina?" mzee akauliza. Kidole cha Mwanahamisi kilikuwa kimefika kwenye benchi. "Lipo, Baba. Athumani Kombo, dereva. Kwa herufi zao na kwa zetu. Nilikaa kwenye benchi nikalisoma mpaka nikachoka." Tulimsikia akiita watu. Tulisikia viti vikiburutwa, na mtu akiambiwa aje asikie. Mwanahamisi akayarudia yote tangu kaa, mpaka kadi ya simu ikaisha.

Mzee alifariki kabla theluji haijayeyuka. Kaka yake Mwanahamisi alipopiga simu ya tanzia alisema kwamba wiki zile za mwisho hakuna aliyemtania tena, na siku ya mazishi imamu mwenyewe aliwakumbusha watu habari ya samaki na kibao, kwamba marehemu alikuwa mkweli na walimcheka bure. Mwanahamisi alinirudia maneno hayo mara moja, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Ule mwaka haukutajwa tena baina yetu kwa jina lake halisi. Karatasi zake zikatoka, akahitimu, akaolewa, akamzaa Rehema, na uongo ule ukakua pamoja na mtoto. Kwenye maulidi na harusi watu walimwomba asimulie, naye alisimulia vizuri. Kuna mwaka nilisikia kwamba tulikula samaki mbichi na mimi nikatapika kwenye treni. Watu wakanigeukia. Nikasema kweli, nilitapika sana. Kwa kazi hiyo ya kuitikia nilikuwa hodari. Na miaka kumi hii ya mwisho nimekuwa na pasipoti ambayo haihitaji hata viza kuingia Japani, na likizo, na afya. Ningeweza kwenda siku yoyote nikasoma ule mstari mmoja na kumnong'oneza kabla hajaugua. Kila mwaka nilijiambia mwakani.

Chai ilipoiva nilimimina vikombe viwili, nikakaa. Rehema alikuwa ameifungua ile pasipoti kwenye ukurasa wa viza, wenye maua yaliyofifia. "Anti, visa iko hapa," akasema, bila kuniangalia. "But hakuna stamp. Nimeangalia kila page." Kumbe alijua tangu alipokuwa akivua viatu. Jibu la uongo lilinijia mara moja, miaka ishirini na ushei si kidogo: ningesema walitugongea kwenye karatasi ya pembeni. Nikamtazama mtoto, paji la uso la mama yake lilelile, nikamwambia yote, kuanzia mlango wa tatu mpaka kamera. Nilipofika kwenye simu ya Jumamosi alianza kulia, nami nikalia, chai ikapoa. Baadaye akauliza, "So hakuna mtu amewahi kuangalia? Ever?" Nikasema hakuna. "Na wewe ungeweza." Nikasema ningeweza, mwanangu, niliogopa. Akafikiri. Nilingoja hasira, na nilikuwa tayari kwa hiyo. "Na kama halipo?" nikamuuliza, swali langu lilelile la zamani, halijakua hata kidogo. Rehema akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Basi tutawaambia walimsahau. Tutawaambia waandike." Alilisema hivihivi, kama mtu anayerudisha kiatu dukani. Mwanahamisi naye angelisema hivyo, kama ningemwacha aende kuuliza.

Akageuza ile karatasi ya ratiba upande mweupe, akachora mistari. Siku ya tatu alipotaka kuandika nikaona anapeleka kalamu kwenye Jumanne, nikamshika mkono. "Jumanne wanafunga," nikamwambia. Akatabasamu, akasogeza mbele siku moja. Tuliandika majina mawili juu.

Alipovaa viatu akaondoka, sufuria zangu zikiwa bado kwao, nilichukua simu nikampigia Mama Ciru. Siku hizi yuko Brooklyn Park, ana miaka sabini na kitu, na magoti yake hayampi nafasi ya kutembelea watu, kwa hiyo hupokea mlio wa kwanza. "Mama Ciru," nikasema, "nakupigia kukuambia kwamba ninasafiri."

"Wewe? Nyinyi watu si huniambia mkisharudi?" akacheka. "Unaenda wapi?"

"Japani. Na Rehema."

"Japani tena? Si mlienda na marehemu?"

"Hatukwenda, Mama Ciru." Nikamweleza, kwa mara ya pili siku ileile, na safari hii ilitoka kwa urahisi zaidi: makaratasi, barua ya ruhusa, ile Jumapili ya pilau. Televisheni yake ikazimwa.

"Na mimi nilikuwa hapo hapo, mlango wa tatu," akasema. "Si mngeniuliza tu?"